Mtu Asiyesema "Chini"

Mnakuja kunisumbua wakati kabichi iko ubaoni, nusu imekatwa, nusu bado, na chumvi imeshaingia kwenye mpasuko wa kidole. Miaka yote mmepita mbele ya mlango huu bila hata kugeuza shingo. Leo chuo kinatimiza miaka hamsini, mnataka kitabu, kitabu kinataka kurasa, na kurasa mbili mmemtengea Titus Rauch. Titus yuko makaburini. Mkewe, mdogo wangu Lovina, amewafungia mlango. Basi mmenijia mimi, mwanamke ambaye kalamu yake ni ya kuandika "tufaha" na "peasi" kwenye mitungi. Haya, nitaandika. Lakini nitaandika ninavyosema, na atakayekuta herufi zangu zimelala upande azinyooshe mwenyewe.

Titus alizaliwa hapa hapa Krumsbach, katika chumba cha nyuma ya bucha ya baba yake, kitinda mimba wa nyumba iliyojaa wavulana. Kaka zake walikuwa watu wa kubeba nusu ng'ombe begani huku wakipiga mluzi. Yeye alitoka mwembamba kama fito, mfupi, masikio makubwa. Mzee Rauch alimpa kazi za saizi yake: kuosha matumbo, kujaza soseji, kuchemsha vichwa vya nguruwe, na kumkamata nguruwe aliyeponyoka. Hiyo ya mwisho hakuna aliyemfikia. Nguruwe akitoka mbio uani, wale kaka waligongana wao kwa wao kama mapipa ya gari lililopinduka, na Titus alikuwa ameshapita chini ya kwapa zao, amemkumbatia mnyama shingoni, wote wawili matope mpaka kwenye kope.

Siku moja mwanzo wa vuli, Courtland Hale alikuja kuagiza mapaja ya nguruwe kwa ajili ya meza ya wachezaji wa Chuo cha Berghaven, hiki chenu. Huyu Hale ndiye alikuwa nahodha wa timu ya mpira, mtoto wa mwenye kiwanda cha chuma, kijana mzuri wa sura, nywele zimemwagika mpaka kwenye kola. Wachezaji wote walifuga nywele enzi zile, eti ndizo zitakazozuia kichwa kisipasuke. Alisimama uani na wenzake wawili, akamwona Titus anamwangusha nguruwe. Hakutoa salamu. Alimwendea kwa nyuma, akamshika mkanda wa suruali, akamnyanyua kwa mkono mmoja mpaka miguu ikaning'inia.

"Wewe una ratili ngapi?"

"Kwani nauzwa?" Titus akamjibu kutoka huko huko juu.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Rauch naye akacheka, maana mteja akicheka, mwenye bucha hucheka. "Huyo mfupa mtupu, bwana. Labda supu."

"Namchukua huyu," Hale akasema. "Mzee, mwanao anaingia chuo."

"Chuo? Huyu shule ya Jumapili ilimshinda. Alikuwa analala mpaka anakoroma."

"Hata kwetu atalala. Jumamosi tu ndiyo awe macho."

Ndivyo Titus Rauch alivyogeuka msomi. Walimwandika darasa la Kigiriki. Mwalimu wa Kigiriki alimpa kiti karibu na jiko la makaa, na kazi yake darasani ikawa kuchochea moto. Mwisho wa muhula akapewa alama za kupita, na mtoto wa mchungaji, aliyekesha na vitabu mpaka macho yakawa mekundu, akafelishwa. Watu wa Krumsbach waliona fahari. Mimi niliona uchafu, nikasema, nikaambiwa nina wivu.

Mpira wenyewe haukuwa huu mnaocheza sasa, wa kuurusha mbali na kupuliza filimbi kila mtu akijikwaa. Wakati ule ilikuwa nyama kwa nyama. Majitu ya upande huu yanainama, majitu ya upande ule yanainama, pua kwa pua, na mwenye mpira anabebwa na wenzake kulitoboa rundo. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusonga hatua tano. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa adui. Na mchezo haukusimama kwa kuanguka. Mwenye mpira hata awe kalala kifudifudi na watu kumi mgongoni, ilikuwa bado unachezwa, mpaka yeye mwenyewe kwa kinywa chake apige kelele: "Chini!" Kabla hajalisema neno hilo, wenzake wana ruhusa ya kumvuta mbele, na adui wana ruhusa ya kumvuta nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, imeandikwa na watu waliovaa miwani.

Sasa Hale alikuwa na akili ya kiwandani. Alimpeleka Titus kwa fundi wa matandiko ya farasi, akamshoneshea suruali ya turubai yenye vishikio vya ngozi: kimoja kila nyonga, na kimoja kikubwa nyuma, kama cha sanduku la safari. Mpira ukitoka, Titus anaukumbatia tumboni, majitu mawili yanashika vishikio, yanahesabu, yanamrusha juu ya rundo kama gunia la viazi. Akitua upande wa pili, wengine wanamdaka kwa vishikio hivyo hivyo na kumburura. Wakampa jina la Soseji. Mashabiki wakawa wanaimba, "Rusha Soseji! Rusha Soseji!" Wanawake wenye kofia za manyoya, mabwana wenye fimbo za fedha, wachungaji wa madhehebu mbalimbali, wote wanaimba.

Na Titus alipenda. Nisiseme uongo, hapa pana uongo wa kutosha. Mtu aliyeosha matumbo tangu utotoni, leo anaimbwa na uwanja mzima. Pua ilivunjika ikakaa upande, akaona imemfanya mwanamume. Meno ya mbele yalitoka, akayatia mfukoni akaja kumwonyesha Lovina, mchumba wake, kama mtu aliyeokota lulu.

"Nifanye nini nayo?" Lovina akamuuliza. "Nipande?"

"Haya ni ya Wescott, mpenzi. Tumewafunga."

"Hayo si ya Wescott, ni ya kwako. Utatafunia nini mahindi?"

Alikwenda kumtazama uwanjani mara moja tu. Alirudi kabla mchezo haujaisha, akavua kofia, akakaa kwenye ngazi za jikoni. "Dada," akaniambia, "nimewaona wakwe zangu wakichinja. Nguruwe kwao anakufa na heshima kuliko Titus anavyoishi kule."

Sifa ya Titus hasa ilikuwa moja. Alichelewa kusema "Chini." Wengine wakibanwa tu wanalia. Yeye alivutwa mpaka masikio yakawa zambarau, na kila alipochelewa, timu ilipata kidole kimoja, vidole viwili mbele. Hale akamvika kilemba cha ukoka. "Soseji hajui lile neno," alikuwa akiwaambia wageni, amemweka mkono kichwani. "Mama yake alisahau kumfundisha." Titus akatabasamu na ufizi mtupu.

Misimu miwili ikaenda hivyo. Wa tatu ndio uliokuwa na Siku ya Shukrani ile, sikukuu ya mwisho wa vuli ambayo ndiyo siku ya mchezo mkubwa wa mwaka.

Wescott, chuo hasimu wetu, walikuja na treni nzima ya mashabiki. Mvua ya theluji ilinyesha tangu asubuhi, uwanja ukawa uji. Mpaka jua linaelekea kuzama, ambalo hata hivyo halikuonekana, hakuna aliyefunga. Berghaven wakafika karibu na mstari wa goli wa Wescott, wakajaribu mara moja, wakajaribu mara mbili. Imebaki hatua moja na jaribio moja. Majitu yakashika vishikio. Moja, mbili, tatu, Titus akapaa.

Hakutua chini. Alitua juu ya rundo, tumbo juu ya migongo ya watu, kichwa kikielekea kwenye mstari na miguu ikielekea upande wa kwao. Wescott wakadaka miguu. Berghaven wakadaka vishikio na mkono mmoja, ule wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na mpira. Wakaanza kuvutana. Yeye mwenyewe alisimulia, na hakusimulia mara nyingi: alisikia bega linatoka mahali pake kwa mlio aliokuwa anaujua vizuri sana, mlio wa paja likitenganishwa na nyonga mezani kwa baba yake. Kisha mgongoni kitu kikakatika, kikawa cha moto, halafu miguu ikawa haipo.

Akafungua mdomo. Pumzi alikuwa nayo. Akasema, "Chi..."

Kiganja kikaja. Kiganja kipana, kimepakwa ulimbo wa kushikia mpira, kinanuka tumbaku, kikaziba mdomo na pua pamoja. Na sauti sikioni, ya upole kabisa, ya mtu anayembembeleza farasi: "Bado, Soseji. Bado kidogo."

Titus akakiuma kile kiganja kwa meno yaliyobaki. Hakikutoka. Akapiga kelele ndani yake. Nani angesikia? Watu elfu walikuwa wanaimba jina lake. Wakavuta, wakavuta, mpaka kichwa na mpira vikavuka mstari. Hapo kiganja kikaondoka, akalisema lile neno lote, kwa sauti yake yote, kuyaambia mawingu. Wakati huo halikuwa na kazi tena. Uwanja ulikuwa umeshajaa kofia zinazorushwa juu.

Wakambeba Hale mabegani. Titus alibebwa na baba yake, juu ya gari la bucha, chini ya turubai lililokuwa na damu ya ndama.

Magazeti yakaandika: MTU ASIYESEMA CHINI. Wakati yanaandika, Titus alikuwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa bawaba, maana kitanda kilikuwa kilaini mno kwa mgongo ule, akikojoa kwenye bakuli aliloshikiwa na kaka yake. Alipoweza kuongea akamwambia baba yake kila kitu. Mzee Rauch alivaa koti la kanisani akaenda chuoni kwa miguu. Mkuu wa chuo alimkaribisha kiti na biskuti.

"Mzee Rauch, mtu aliyeumia vile hukumbuka mambo ya ajabu."

"Mwanangu amezibwa mdomo, bwana mkubwa. Hata mimi nguruwe simzibi mdomo. Namwacha aseme lake."

"Mwanao ni shujaa. Unataka kumvua ushujaa wake kwa mikono yako mwenyewe?"

Mzee akarudi na biskuti mfukoni. Hakuzila, aliwapa mbwa.

Wiki chache baadaye Hale akaja, na kikapu cha machungwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Akakaa kando ya ule mlango alikolala Titus.

"Soseji, chuo kinataka mtunza ukumbi. Kuna nyumba ndogo nyuma yake, jiko zuri, bustani. Maisha yote. Unaoa lini?"

"Uliniziba mdomo."

"Nilikushika kichwa kisivunjike, mdogo wangu."

"Na hicho kitambaa mkononi?"

Hale alikitazama kitambaa kama anakiona mara ya kwanza. "Mlango wa gari la farasi," akasema. "Sikiliza. Bega hilo halitanyanyua nyama tena. Kaka zako wana watoto wao. Sema tu kilichoandikwa gazetini. Hata usiseme, nyamaza tu, watu watasema wenyewe."

Titus alitazama dari. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mkono mmoja unaning'inia, mgongo umepinda, na msichana anamngoja. Akala chungwa. Mimi nilikuwepo na bakuli la supu, nikamwona akilitafuna kwa ufizi, na maji yanamtiririka kidevuni.

Wakaoana na Lovina, wakaingia nyumba ya nyuma ya ukumbi. Titus akawa anafagia, anawasha majiko, anang'arisha sakafu, miguu imemrudia lakini anatembea kiupande kama kaa. Ukutani pale ukumbini wakatundika picha yake, na chini ya picha sanduku la kioo lenye ile suruali, vishikio vimepakwa nta, na bamba la shaba lenye maneno ya gazeti. Kila Jumatatu alilisugua bamba hilo mwenyewe, maana ndiyo kazi aliyopewa.

Sasa ilikuwa desturi. Kila mwaka, mchana wa kuamkia Siku ya Shukrani, wachezaji wanapangwa mstari chini ya picha. Hale, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa baraza la chuo, tumbo limetangulia, kiwanda amerithi, anamshika Titus bega lile lile bovu na kumsogeza mbele. "Waambie, Soseji." Na Titus anasema, "Sikusema." Neno moja, basi. Wanapiga makofi, wanapiga miguu sakafuni, na kesho yake wanakwenda kuchanana.

Kisha anarudi nyumbani kwake, anapita jikoni moja kwa moja mpaka nyuma, anatapika. Kila mwaka. Lovina alishazoea, alimwekea ndoo na maji ya uvuguvugu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mwaka ujao utakula nini, ili nikupikie kitu chepesi kutoka?"

Alikuwa na ulimi, mdogo wangu. Lakini naye aliipenda ile nyumba. Alipanda waridi dirishani, kabichi nyuma, na watoto wao wawili walizaliwa chini ya paa lile. Aliyekuwa anakula uongo si mmoja.

Miaka ikapita hivyo, mpaka alipokuja Dewi Probert. Huyu alikuwa mtoto wa wachimba makaa kule juu mlimani, mfupi, mkavu, macho kama ya paka. Hale alimwona kwenye maonyesho ya kilimo, nasikia alimnyanyua kwa mkanda vile vile. Fundi wa matandiko akapewa kazi tena. Wiki ya Shukrani Dewi alikuja kwenye nyumba ya nyuma ya ukumbi, kofia mkononi. Titus alikuwa anatengeneza ufagio.

"Shikamoo mzee Titus. Samahani, nina swali."

"Marahaba. Uliza."

"Uliwezaje? Mimi wakinivuta, naona kama kamba ya roho inakatika. Juzi nilisema mapema. Mezani wakaninyima nyama. Wakaniwekea chuchu ya chupa kwenye sahani." Akacheka, lakini hakuwa anacheka. "Nipe siri, mzee."

Titus alimwona jinsi anavyolikanda bega lake la kushoto bila kujijua. Siri ilikuwa mdomoni. Akatazama dirishani, akaona waridi la Lovina limefunikwa majani kwa ajili ya baridi, akaona nguo za watoto kambani.

"Utazoea," akasema.

Kijana akashukuru, akaondoka. Lovina alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye unga.

"Umemwambia nini mtoto wa watu?"

"Nilichoajiriwa kumwambia."

"Sawa. Basi chakula chako leo kiko kwa waliokuajiri."

"Lovina, tukitoka hapa tunakwenda wapi?"

"Sijakuuliza tunakwenda wapi. Nimekuuliza umemwambia nini."

Hakula. Na safari hii hata kutapika hakukuja, akasema kimekaa hapa, akajigusa kooni, kama mfupa.

Kesho yake mchana wakapangwa mstari. Majiko yanawaka, viatu vya misumari vinakwaruza sakafu aliyoing'arisha mwenyewe. Mkuu wa chuo yupo, walimu wapo, mabwana wa baraza wapo na minyororo ya saa tumboni. Hale alikuwa na furaha kuliko kawaida. Alimvuta Dewi kutoka kwenye mstari, akashika kile kishikio cha nyuma cha suruali mpya, akamnyanyua kidogo mbele ya watu, ili waone kimeshonwa imara. Watu wakacheka. Dewi naye akacheka, miguu inatafuta sakafu.

"Na sasa," Hale akasema, amemshusha, "kuna mtu hapa ambaye hajui neno moja. Waambie, Soseji."

Titus akasogea mbele, kiupande.

"Nilisema," akasema.

Kuna waliopiga makofi kwa mazoea, halafu yakafia mikononi.

"Nini?" Hale akauliza, bado anatabasamu.

"Nilisema Chini. Nilikuwa bado hatua nzima kabla ya mstari, bega limeshatoka, nikasema. Hakuna aliyesikia kwa sababu nilizibwa."

"Soseji, umekunywa?"

"Naitwa Titus Rauch." Na yule mtu wa mkono mmoja, ambaye hata ndoo ya makaa aliibeba kwa kupumzika, akaunyanyua mkono wake mzima akambandika Courtland Hale kiganja mdomoni na puani, akamsukuma mpaka kisogo kikagota kwenye sanduku la kioo. "Haya sema, bwana. Sema Chini. Si unalijua wewe? Mama yako si alikufundisha? Sema!"

Hale akatoa macho. Akamshika Titus kifundo cha mkono, akavuta. Lakini mkono unaofanya kazi ya mikono miwili kwa miaka huwa si wa kuvutika. Ilitoka sauti, "Mmm, mmm," kama ya ndama. Mlinzi wa lango aliyekuwa mlangoni akaangua kicheko, akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

"Bado," Titus akamwambia sikioni, kwa upole. "Bado kidogo."

Kisha akamwachia. Akawageukia vijana. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa shujaa. Akiwaambia kuna mtu hakusema, mwulizeni alizibwa na nani." Akauelekea mlango, kiupande, akiacha nyayo za majivu.

"Ni lile jeraha," Hale alikuwa anasema, anajipangusa midomo kwa leso. "Limepanda kichwani. Maskini. Nilijua tu."

Na mabwana wa baraza wakaitikia kwa vichwa, maskini, maskini. Hiyo ndiyo ilinitia kichefuchefu kuliko yote niliposimuliwa. Walimwamini. Nawaambia, kila mtu mle ukumbini alimwamini Titus, na kila mtu akachagua kumhurumia.

Mmoja tu hakumhurumia. Siku ya mchezo, karibu na mwisho, Berghaven walikuwa mbele ya mstari wa Wescott, nyuma kwa hesabu ya magoli, jaribio la tatu. Wakamrusha Dewi. Akatua juu ya rundo, Wescott wakadaka miguu, wetu wakadaka vishikio. Titus alikuwa nje ya uzio, hakuwa na ruhusa tena ya kuingia, ameshika mbao kwa mkono wake mmoja. Alimwona nahodha wa mwaka ule akijisogeza kuelekea kichwani kwa yule kijana. Dewi naye alimwona. Akageuza uso upande wa pili, akapaza sauti ambayo wachimba makaa huitumia paa la shimo linapoanza kushuka:

"CHINI! CHINI! CHINI!"

Mwamuzi hakuwa na njia. Uwanja mzima ulisikia. Mpira ukawa wa Wescott, na mchezo ukaisha vile.

Nimeishi siku nyingi katika mji huu, nimeona mafuriko, nimeona benki ikifunga milango na fedha za wajane ndani. Sijaona watu wakikasirika kama siku ile. Walikuja kwenye nyumba ya nyuma ya ukumbi na matufaha yaliyooza. Mke wa mchungaji, aliyekuwa anatufundisha wimbo wa upendo, alimtemea Lovina mate kwenye aproni. "Mumeo ametuulia mtoto," akamwambia, na maana yake ilikuwa ametupotezea mchezo. Jumatatu wakatolewa nje. Godoro, jiko, watoto, na shina la waridi limefungwa kwa gunia, vyote juu ya lile gari la bucha.

Dewi alinyimwa meza, akarudi mlimani. Mgodini si peponi, sitawadanganya. Lakini alikwenda na mabega mawili.

Titus akarudi kusaga nyama kwa kaka yake, mkono mmoja kwenye mpini wa mashine, kutwa. Wateja wa chuo wakahamia bucha ya mtaa wa pili. Kaka alinung'unika, hakumfukuza. Miaka iliyobaki, na ilikuwa mingi, watu wa Krumsbach walikuwa wakipita dirishani na kusema kwa sauti ya kusikika, "Ndiye yule." Aliendelea kuzungusha mpini. Lakini Siku ya Shukrani alikula bata mzinga kama watu wawili, akapanguza sahani kwa mkate, na Lovina hakutoa ndoo tena.

Alikufa msimu wa baridi uliopita. Na bamba bado liko ukutani, linasema hakusema. Mmepata hata mtu mwingine wa kulisugua.

Basi sikilizeni, ninyi mliotaka kurasa mbili. Hizi zimezidi, na hamtatoa hata neno. Mchana wa kuamkia Shukrani, wakishapangwa hao vijana wenu, mtu mwenye sauti azisome zote pale ukumbini, asimung'unye. Courtland Hale bado anapumua, namwona anapita na gari lake jipya. Mwekeni kiti cha mbele kabisa. Halafu mmoja wenu aje hapa jikoni kwangu aniambie alivyokaa usoni.